Nani aliamua kwamba alama 10 ndiyo sonona?

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi katika kliniki ya matunzo na tiba kwa watu wanaoishi na VVU, mkoani Morogoro. Tunatumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, tunajumlisha alama, na anayefikisha 10 tunampeleka kwa daktari kwa kushukiwa kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Lakini mama mmoja anayelia kila anapokuja hupata alama 6, na kijana aliyeanza dawa juzi, ambaye nikizungumza naye sioni tatizo la akili, alipata 12. Mganga mfawidhi wetu amependekeza tutunge maswali yetu wenyewe kwa Kiswahili cha hapa. Naomba kujua: kipimo cha kisaikolojia hutengenezwaje, nani aliamua kwamba 10 ndiyo sonona, na je, sisi tunaweza kutengeneza chetu?"

Jibu:

Dada yangu, kati ya maswali yako matatu, lile la alama 10 ndilo linalofungua mengine, kwa hiyo naanza nalo.

PHQ-9 iliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na ripoti yake ya msingi ilitoka mwaka 2001. Maswali yake tisa hayakubuniwa upya, bali ni dalili tisa za sonona zilizomo katika mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, zikageuzwa kuwa maswali ambayo mgonjwa anaweza kujijibia. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla huishia 27. Dodoso lilijazwa na wagonjwa 6,000 katika kliniki 15, nane za magonjwa ya kawaida na saba za wanawake na uzazi. Kisha watu 580 miongoni mwao walisailiwa na wataalamu wa afya ya akili, na wataalamu hao wakawakuta watu 41 wenye sonona kamili. Ndipo watafiti walipojiuliza: tukiweka mpaka kwenye alama fulani, tutawanasa wangapi kati ya hao 41, na tutawasingizia wangapi kati ya wasio nayo? Kwenye alama 10, waliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kamili, na waliwaacha salama asilimia 88 ya wasio nayo. Hapo ndipo mpaka ulipowekwa.

Tafadhali tazama vizuri nambari hizo, kwa maana asilimia 88 ya watu 41 ni watu 36. Dodoso linalotumiwa leo katika nchi nyingi lilipata kizingiti chake kwa kutegemea watu wachache kiasi hicho. Sisemi hivyo kuwalaumu waliolitengeneza, ambao walifanya kazi kwa uangalifu. Na mwaka 2019 uchambuzi uliounganisha takwimu za tafiti 58 ulikuta kwamba alama 10 bado ni mpaka unaofaa kwa jumla. Nasema hivyo ili uone kwamba kizingiti si mali ya dodoso lenyewe kama vile nyuzi joto zilivyo za kipimajoto. Kizingiti ni matokeo ya kuwalinganisha watu fulani, wa mahali fulani, na maamuzi ya wasaili fulani. Ukikishusha, utawanasa wagonjwa zaidi na kuwasingizia wazima zaidi. Ukikipandisha, utapunguza kusingizia lakini utawaacha wagonjwa wapite.

Yapo matokeo ya hapa kwetu yanayoonyesha jambo hilo waziwazi. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichunguza dodoso jingine la dalili za wasiwasi na sonona, la Hopkins lenye vipengele 25, ambalo kila kipengele hupewa alama 1 hadi 4, miongoni mwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Mahali pengi duniani wastani wa alama wa 1.75 ndio unaochukuliwa kuwa mpaka wa dodoso hilo, lakini kwa akina mama hao mpaka uliofaa ulikuwa 1.06. Kama watafiti wangebeba 1.75 kutoka nje bila kuuliza, akina mama wengi waliokuwa wakiteseka wangehesabiwa kuwa wazima. Mama yako wa alama 6 huenda ni mmoja wa watu wa namna hiyo.

Na kijana wa alama 12? Hapo kuna sababu mbili, na ya kwanza ni ya hesabu tu. Tuseme kliniki yako ina wagonjwa 1,000, na 100 kati yao kweli wana sonona. Dodoso lenye uwezo wa asilimia 88 kila upande litawanasa 88 na kuwakosa 12. Wale 900 wasio na sonona, asilimia 12 yao watapita mpaka kimakosa, nao ni watu 108. Kwa hiyo watu 196 watafikisha alama 10, na wenye sonona kati yao ni 88 tu, yaani hawafiki nusu. Ukilipeleka dodoso hilo hilo kijijini kwa watu 1,000 ambao wenye sonona ni 30, watakaofikisha alama 10 watakuwa karibu 143, na wenye sonona kweli hawatafika mmoja kati ya watano. Dodoso halikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Ndiyo maana PHQ-9 ni chombo cha kuchuja, na uamuzi wa ugonjwa hubaki kwa mtu anayeketi na mgonjwa na kumsikiliza.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo inatupeleka kwenye utengenezaji wenyewe. Katika maswali tisa, moja linahusu uchovu, jingine hamu ya kula, jingine usingizi. Mtu aliyeanza dawa karibuni, au ambaye VVU vimemdhoofisha, anaweza kupata alama kadhaa katika hayo matatu pasipo moyo wake kuwa na huzuni. Maswali yenyewe si mabaya, ila kwa mgonjwa huyu yanapima vitu viwili kwa pamoja, na jumla ya alama haiwezi kukuambia kipi ni kipi. Kwa hiyo mtengenezaji wa kipimo, kabla hajaandika swali hata moja, hana budi kueleza kwa maandishi anataka kupima nini, kwa nani, na kwa ajili ya uamuzi gani. Kipimo cha kuchuja wagonjwa wa kupelekwa kwa daktari hakitengenezwi kama kipimo cha kuona iwapo tiba inamsaidia mgonjwa mwezi hadi mwezi. Viwango vya upimaji vilivyotolewa mwaka 2014 na vyama vitatu vya kitaaluma vya Marekani vinalishikilia sana jambo hili: uhalali, yaani kupima kweli kilichokusudiwa, ni sifa ya tafsiri tunayoipa alama na matumizi tunayoyafanya, wala dodoso peke yake haliwezi kuitwa halali.

Historia ina somo chungu hapa. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza Paris mfululizo wa majukumu 30 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Haikupita miaka kumi, kipimo chao kilikuwa kimevuka bahari, na mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, akakitumia kwa wahamiaji waliokuwa wakishuka melini New York, watu waliochoka kwa safari na wengi wasiojua Kiingereza, akahitimisha kwamba sehemu kubwa yao walikuwa na akili pungufu. Kipimo kilichokusudiwa kumsaidia mtoto kikawa cha kumhukumu mgeni.

Baada ya kusudi huja kazi ya kusikiliza, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Vikram Patel na wenzake walipotengeneza dodoso la Kishona mjini Harare katika miaka ya 1990, hawakuanza na mwongozo wa Marekani. Walianza na wagonjwa, wauguzi na waganga wa jadi, wakiuliza watu wanaoteseka moyoni husemaje. Neno lililojitokeza lilikuwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nalo likawa na nafasi katika dodoso la maswali 14 ambalo linatumika Zimbabwe hadi leo. Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, mtafiti Paul Bolton aliwaomba wanakijiji wataje matatizo yao wenyewe, nao wakaeleza hali waliyoiita agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi, ambayo dalili zake zilifanana kwa sehemu kubwa na sonona. Tanzania nayo ina kipimo chake cha maswali 19 cha kutambua sonona, ambacho kundi la Profesa Kaaya lilichapisha matokeo yake mwaka 2008. Kwa hiyo wazo la mganga wenu mfawidhi si geni wala si la kipuuzi. Limewahi kutekelezwa, na jirani na ninyi.

Watu wa kwenu husemaje? Wewe unajua kuliko mimi. Huku niliko, mgonjwa ni nadra kusema "nina huzuni". Husema ana mawazo mengi, moyo wake ni mzito, roho inamuuma, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, hana raha. Kila mojawapo ya semi hizo ni mbegu ya swali. Lakini si kila mbegu huota: "mawazo mengi" husemwa pia na mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, na "kichwa kinawaka moto" husemwa na mwenye malaria. Mtengenezaji hukusanya semi hizo kwa wingi, huandika maswali mara mbili au tatu ya idadi anayohitaji, kisha huyajaribu akijua kwamba mengi atayatupa.

Niruhusu nikae kidogo kwenye lugha, kwa sababu madodoso mengi ya Kiswahili huharibika hapo. Desturi iliyozoeleka ni kutafsiri kutoka Kiingereza, kisha mtu mwingine ambaye hajaona asili anairudisha tafsiri katika Kiingereza, halafu matini mbili za Kiingereza zinalinganishwa. Utaratibu huo una manufaa, lakini una kasoro kubwa: unaipa tuzo tafsiri ya neno kwa neno. Dodoso la Hopkins lina swali linalomuuliza mtu kama amejisikia "bluu", rangi ambayo kwa Kiingereza ni jina la huzuni. Ukiandika "kujisikia bluu", mrudishaji atalirudisha swali kikamilifu, na wote watapiga makofi, huku bibi wa Kilosa akibaki kushangaa rangi imeingiaje katika maradhi yake. Anayeandika "moyo kuwa mzito" ametafsiri vizuri zaidi, lakini atakuta urudishaji unamhesabia kosa. Kwa hiyo baada ya kurudisha tafsiri ni lazima kuwepo hatua nyingine: kukaa na watu kumi au kumi na watano wa aina ile ile watakaopimwa, kuwasomea swali moja moja, na kuwauliza, "Umelielewaje? Ulipojibu hivyo ulikuwa unafikiria nini?"

Nimeona katika hatua hiyo mambo ambayo hakuna mtaalamu mezani angeyatabiri. Jibu la tatu katika PHQ-9 hutafsiriwa mara nyingi "zaidi ya nusu ya siku". Neno siku halibadiliki katika umoja na wingi, hivyo mama mmoja niliyekuwa nikimsaili alijibu kwa unyoofu kabisa kwamba tatizo lake huanza asubuhi na kuisha baada ya adhuhuri. Alikuwa akinieleza nusu ya siku moja, wakati sisi tulikusudia siku zaidi ya 7 kati ya 14. Tangu hapo nimekuwa nikisisitiza nambari zitajwe, na kipindi cha wiki mbili kifungwe kwenye kitu anachokumbuka mgonjwa, kwa mfano "tangu Ijumaa ya juzi ile uliyokuja kuchukua dawa".

Maswali yenye ukanushi ni mtego mwingine. Mwulize mtu, "Hujapoteza hamu ya kula?" naye akijibu "Ndiyo", wengine wanamaanisha "ndiyo, sijapoteza", na wengine "ndiyo, nimepoteza". Msaili anaandika anachodhani, na data nzima inaoza kimyakimya. Vivyo hivyo swali linalobeba mambo mawili. PHQ-9 yenyewe inauliza kwa pamoja juu ya kukosa usingizi na kulala kupita kiasi, na wasailiwa wengine hujibu nusu waliyoisikia mwisho. Tena kuna adabu zetu. Mswahili akiulizwa hali hujibu njema kwanza, hata kama amelazwa. "Sijambo" hutangulia, na ugonjwa hufuata baadaye. Dodoso linaloanza na "Hali yako ikoje?" limeshajijibia. Mama anayelia na kupata alama 6 huenda anakujibu kwa adabu ile ile anayomjibia shemeji yake mlangoni, hasa kama anaulizwa na mtu mwenye sare, mbele ya foleni.

Maswali yakishapita hapo, hupelekwa kwa watu wengi zaidi. Kwa dodoso dogo, ningependa kuona walau watu 200 hadi 300. Kila swali huchunguzwa peke yake. Swali ambalo karibu kila mtu analijibu "ndiyo", au karibu kila mtu "hapana", halitofautishi watu, basi huondolewa. Swali ambalo majibu yake hayaendi pamoja na majibu ya mengine huulizwa linafanya nini pale. Halafu huja utegemevu: kama mtu hajabadilika, je, alama yake leo na wiki ijayo zitakaribiana? Wasaili wawili wakimsikiliza mgonjwa mmoja, wataandika alama zinazolingana? Maswali yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe? Hili la mwisho hupimwa kwa alfa ya Cronbach, na watu wengi huridhika ikifika 0.7. Nakuomba usiishie hapo, kwani ukiuliza swali moja kwa maneno kumi tofauti utapata alfa ya juu sana na dodoso lisilokuambia lolote jipya. Dodoso linaweza pia kuwa tegemevu kabisa na likapima kitu kingine, kama mizani ya dukani iliyochezewa, ambayo kila siku huzidisha gramu zile zile.

Kwa hiyo swali la uhalali ndilo la mwisho na ndilo gumu. Alama za dodoso hulinganishwa na uamuzi wa mtaalamu aliyemsaili mgonjwa bila kuziona. Akiziona kabla, atavutwa nazo, na ulinganisho hauna maana tena. Ambapo wataalamu hawapatikani, njia nyingine hutafutwa. Bolton, kwa kuwa Rwanda ya wakati ule haikuwa na madaktari wa akili wa kutosha, alilinganisha majibu ya dodoso na maelezo ya mhusika mwenyewe na ya watu wanaomfahamu kuhusu kuwa na agahinda. Pamoja na hayo, mtafiti hutazama kama alama zinaenda na mambo yanayotarajiwa, kwa mfano mgonjwa mwenye alama kubwa kushindwa kazi zake za kila siku, na kama haziendi na yasiyotarajiwa, kwa mfano kiwango cha elimu pekee.

Sasa turudi Morogoro. Ndiyo, mnaweza kutengeneza kipimo chenu, lakini sioni kuwa ndiyo njia ya kuanzia. Maswali 15 yaliyotungwa mezani mchana mmoja, hata yakiwa katika Kiswahili kitamu kiasi gani, yatakuwa maswali 15 tu hadi yapitie yote niliyoyaeleza, na kazi hiyo ni ya mwaka mmoja au zaidi ikishirikisha mtu wa takwimu na mtaalamu wa afya ya akili. PHQ-9 ni bure kutumia, kunakili na kutafsiri, na imeshachunguzwa Tanzania na Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na VVU. Ningeibakiza, nikaitengeneza pale inapovuja. Hakikisheni mna tafsiri moja, wala si tatu zinazozunguka kituoni. Muulizeni mgonjwa faraghani. Katika majibu, tajeni idadi ya siku. Kwa mgonjwa aliyeanza dawa karibuni, andikeni kando alama za maswali ya uchovu, kula na usingizi, ili daktari aone jumla imetoka wapi. Na muuguzi akiona dalili ambazo alama hazikuzionyesha, awe na ruhusa ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari kwa alama yoyote ile; mama yako wa alama 6 asisubiri kufika 10.

Wakati huo huo, wekeni daftari. Kila mgonjwa anapoeleza mateso yake kwa maneno yake mwenyewe, yaandikeni kama alivyoyasema, bila jina lake, pamoja na umri na jinsia. Baada ya miezi sita mtakuwa na hazina ambayo mtafiti yeyote wa chuo kikuu angeifurahia, na mtakapokwenda kuomba ushirikiano na idara ya afya ya akili au saikolojia, hamtakwenda mikono mitupu. Hapo, kwa kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, mnaweza kuchukua wagonjwa wenu, kuwapima kwa PHQ-9 na kwa maswali yenu, kuwasaili kwa mtaalamu asiyejua alama zao, na kujua mpaka wa kliniki yenu uko wapi.

Jambo moja lisisubiri utafiti wowote. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Hilo halijumlishwi na kusahauliwa. Mgonjwa mwenye jumla ya alama 4, akiwa ameweka alama 1 kwenye swali hilo, aulizwe zaidi siku hiyo hiyo, na mtu anayejua kuuliza, kabla hajaondoka kituoni. Kama bado hamjakubaliana ni nani huyo kwa kila zamu, anzeni na hilo kesho asubuhi.